Mchezo Usio na Saa

Besiboli niliiona kwanza kupitia dirisha la treni. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja na ushei Stockholm, ninaishi Rågsved kwenye chumba cha kupanga, nasambaza magazeti alfajiri na kulala mchana. Siku hiyo treni ilipita kando ya uwanja, nikaona wanaume wazima wamesimama kwenye nyasi, kila mmoja mbali na mwenzake, hawafanyi chochote. Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu ili nijue wanangoja nini.

Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, na haikuwa kwa kushindwa. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, alikuwa akiuza vitunguu Singida ili mimi nisome. Niliacha kwa sababu lori la vitunguu lilikuwa linakwenda Mombasa, nami nilitaka kuona vitunguu vyetu vinaishia wapi. Baada ya Mombasa palikuwa na bandari nyingine, na baada ya bandari palikuwa na nchi. Dada hakunisamehe upesi, lakini kila Jumapili akitoka kanisani alinipigia simu, popote nilipokuwa, na swali lake lilikuwa lile lile: sasa hivi unafanya kazi gani, nieleze nielewe.

Kazi niliyoipata pale uwanjani ilinichukua Jumapili tatu kumweleza. Nilimwambia kuna timu mbili. Mtu wa timu moja anarusha mpira mdogo mgumu, wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka pembe nne, na akirudi alikoanzia ni pointi. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Kila timu ikishapata zamu yake ya kupiga, hiyo ni duru moja, na duru ni tisa. Mimi kazi yangu ni udongo. Baada ya kila duru tatu naingia na reki kuusawazisha pale wanapokimbilia, kisha narudishia mistari ya chokaa iliyofutika. Akauliza mchezo wenyewe ni dakika ngapi. Nikamwambia hauna dakika, wala hauna saa. Wakiwa sare baada ya duru ya tisa wanaendelea na ya kumi, na ya kumi na moja, mpaka mmoja amzidi mwenzake, na hakuna ajuaye itakuwa lini.

"Sasa mchezo usio na saa," Dada akasema, "watu wanapika saa ngapi?"

Uwanja huo ulikuwa wa timu mbili za hapa hapa jijini, moja ya watu wa kusini, moja ya watu wa kaskazini. Ziligawana siku za mazoezi na kuchukiana kama wapangaji wa jiko moja: nani ameacha ndoo nje, nani amevunja mpini wa reki akanyamaza. Mtunza uwanja mkuu, mzee wa Kiswidi aliyestaafu kazi ya reli, hakuwa na upande. Siku ile niliyoshuka kwenye treni ndiye aliyenijibu. Nilimuuliza wale watu wanangoja nini, akasema wanangoja mpira, akanipa reki.

Mwaka ninaousimulia timu zote mbili zilifika fainali ya nchi. Wazee waliokuja kunywa kahawa kwenye kibanda cha soseji walisema hawajapata kuona kitu kama hicho, ubingwa wa nchi nzima kugombewa na timu za jiji moja, tena zinazotumia choo kimoja. Ilikuwa atakayeshinda mechi tatu kati ya tano, na kila upande ulikuwa umeshachukua mbili. Ya tano ikapangwa Jumapili, saa saba mchana, mwanzoni mwa Septemba. Asubuhi ile waligombea benchi la kushoto, kwa sababu timu zote mbili zimezoea kukaa pale. Ikabidi warushe sarafu. Watu wa kaskazini wakapata benchi, wa kusini wakahamia la kulia wakiwa na nyuso za watu waliotolewa nyumba.

Nilikuwa pale tangu saa mbili asubuhi. Dada alikuwa hospitalini wiki ya pili, lakini mwanawe alikuwa ameandika Ijumaa kwamba sasa anakunywa uji. Nilipotazama simu wakati wa kuchanganya chokaa, kundi letu la familia lilikuwa kimya. Jumapili lile kundi huwa halikai kimya. Huanza na shangazi na mistari yake ya Biblia, kisha picha za maua, kisha watoto waliovaa nguo za kanisani. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi mchana. Nikadhani ni mtandao, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Saa saba kasoro dakika kumi niliwaona wanaingia getini, watatu. Mbele alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Akalla, Mtanzania, muuguzi mstaafu, ambaye sisi wote tuliofika bila ndugu tunamwita Mama. Nyuma yake shemasi wa Kikongo kutoka Goma, dereva wa basi, tunayemwita Papa. Wa mwisho alikuwa rafiki yangu mhandisi, mtu wa Tanga aliyekuja kusoma akabaki. Kwa miaka yote niliyowaomba waje kuona kazi yangu hawakuja hata mara moja. Nilifurahi. Niliwaambia wamechagua siku ya historia, nikawatafutia viti safu ya mbele.

Mama alikuwa amevaa gauni jeusi na kanga begani, ana hotipoti ameipakata. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nitakula kazi ikiisha. Akatikisa kichwa taratibu, akasema basi, kazi ikiisha. Papa aliuliza mechi ni dakika tisini kama mpira mwingine, nikamwambia hapana, huu hauna saa. Akamtazama mhandisi. Mhandisi, ambaye siku zote hukutana na mimi kwa utani, kwamba mimi ni mkulima pekee Ulaya asiyevuna, siku hiyo alinipa mkono tu, akauangalia mkono wenyewe.

Duru tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nikaingia na reki, nikatoka. Nilipopita mbele yao mhandisi akaniomba simu, yake imeisha chaji, anataka kumpigia mkewe. Nikampa. Hakupiga. Aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lake na kufunga kifungo.

Hapo nikajua.

Nimeshakwenda mara mbili kwenye safari za namna hiyo. Kwetu msiba hauletwi kwa simu. Ndugu wa nyumbani huwatafuta watu waliopo karibu nawe, nao huja na kukaa nawe kwanza. Mara ya kwanza ilikuwa mtaa wa Farsta, kwa kijana wa Burundi aliyefiwa na baba yake. Mimi nilipewa kazi ya kukaa karibu na mlango. Mara ya pili nilipewa kazi ya kuchukua simu ya mfiwa kwa kisingizio, asije akaona rambirambi kabla ya kuambiwa. Nilisema yangu imeisha chaji. Huko nyumbani wanaunda kundi jingine la simu ambalo mfiwa hayumo, na lile la zamani linabaki kimya. Halafu mkubwa wenu anauliza kama umekula, kwa sababu habari hiyo haipewi mtu mwenye njaa, wala aliye katikati ya kazi.

Sikuhisi kitu. Nilijua tu, kama unavyojua mguu umekufa ganzi kwa kuushika na mkono. Nikarudi kwenye kiti changu kando ya kibanda cha zana nikatazama mchezo, na niliuona vizuri kuliko siku zote. Ninakumbuka mrushaji wa kusini alikuwa anajifuta mkono kwenye paja la kulia mara mbili kabla ya kila mpira. Ninakumbuka kaskazini walitangulia tatu bila, kusini wakarudisha mbili duru ya tano, moja ya saba. Tatu kwa tatu. Nilihesabu kwamba maadamu kazi haijaisha hawawezi kuniambia, na maadamu wamekuwa sare kazi haiwezi kuisha. Ni hesabu ya mtoto, lakini niliifanya.

Duru ya nane kulianza manyunyu. Nilikwenda kuwaona, nikawaeleza kwa nini mpigaji anaruhusiwa kukosea mara mbili na si tatu. Niliwaeleza pia kwamba mpira una uzi ndani uliozungushwa kama donge la sufu, na kwamba niliwahi kupasua mmoja nione. Nilizungumza sana. Papa alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea ibada ndefu, kisha akaonyesha wachezaji wa nyuma kwa kidole.

"Bale banangoja nini?"

"Wanangoja mpira, Papa."

"Na kama haufike?"

Nikamwambia wanasimama hivyo hivyo. Mhandisi akauliza kama kweli hakuna hata penalti. Watu wawili wa nyuma yao, Waswidi, walicheka kwa sababu walilisikia neno hilo, na yeye akacheka kidogo naye, kisha akakumbuka, akaacha.

Duru ya tisa ikaisha sare. Ya kumi ikaisha sare. Wale wazee wa kahawa walikuwa wamesimama wote sasa, mmoja ameweka mikono kichwani. Watu wa kusini na wa kaskazini, ambao asubuhi waligombea benchi, walikuwa wamechoka kiasi cha kuokoteana glovu. Katikati ya duru ya kumi na moja mwamuzi alisimamisha mchezo, akaniita mimi na mzee. Kile kichuguu anachosimamia mrushaji kilikuwa kimeanza kuwa tope. Akauliza kama kinatengenezeka.

Mzee akanitazama, kwa sababu udongo wa pale ni wangu. Nikasema ndiyo. Nikaleta udongo mkavu kwa toroli, nikaumwaga, nikaushindilia. Kazi ya dakika tano niliifanya robo saa. Nilipima kwa mguu, nikakwangua, nikarudishia. Nilikuwa nimepiga magoti nikisawazisha pembeni ambako hakuna anayekanyaga, nikainua macho, nikamwona Mama.

Wengi walikuwa wamekimbilia chini ya paa la kibanda cha soseji. Yeye alikuwa amebaki kwenye kiti kile kile nilichomwonyesha, kwa sababu kutoka kibandani mimi nisingeonekana. Ana miaka zaidi ya sabini na magoti yake hayapendi baridi. Kanga aliyokuja nayo hakujifunika. Alikuwa ameifunika hotipoti. Papa alikuwa amesimama nyuma yake ameinamisha koti lake juu ya kichwa cha mama huyo kama hema, mikono yote miwili imenyooka, sijui kwa muda gani. Walikuwa wamelibeba neno lile tangu jana yake, na mimi nilikuwa nasawazisha udongo uliokwisha kusawazika.

Nikamwambia mwamuzi tayari. Nikampa mzee reki, nikamwambia duru inayofuata aingie yeye, na mistari ya upande wa kushoto imefutika. Akaipokea. Nikavuka nyasi mpaka kwao, nikakaa kiti cha pembeni mwa Mama, nikafungua hotipoti. Ilikuwa chapati na maharage ya nazi, bado ya moto. Nikala chapati nzima, na ya pili nusu. Mhandisi akahama taratibu akakaa nyuma yangu, karibu, kama inavyotakiwa. Mbele yetu mchezo ukaendelea.

Nikafunga mfuniko. "Nimekula, Mama."

Alinitazama muda mrefu. Akajua kwamba ninajua.

"Dada yako ametangulia, mwanangu," akasema. "Jana alasiri."

Nikauliza alikuwa na nani. Akasema alikuwa na mwanawe, na kwamba hakuteseka mwishoni. Jana jioni walikuwa wameamua wasinijie usiku, mtu anayelala peke yake aachwe alale. Asubuhi walipofika Rågsved nilikuwa nimeshatoka. Papa akaomba kwa sauti ya chini, maneno machache ya Kifaransa na mengine ya kwao. Mhandisi alikuwa ameniwekea mkono mgongoni. Nilijaribu kukumbuka jana alasiri nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa napaka rangi nguzo za njano zinazoonyesha mwisho wa uwanja. Zilikuwa mbili, nikapaka kila moja mara mbili.

Tuliondoka duru ya kumi na mbili, bado sare. Tukiwa kituoni tunangoja treni ndipo tulisikia kelele kutoka uwanjani, ndefu, na kutoka mbali hukuweza kujua ni ya wa kusini au ya wa kaskazini. Papa akauliza ni nini, nikamwambia imeisha. Matokeo niliyajua Jumatano, mzee alipokuja Akalla kwenye matanga na mkate wa iliki aliouoka mwenyewe. Alikaa saa nzima kwenye mkeka miongoni mwa watu asiowaelewa, na wakati wa kuondoka akaniambia kusini, nne kwa tatu, duru ya kumi na tatu. Nikamshukuru.

Jumapili ile, kwenye treni, Mama alinishika mkono. Ulikuwa mweupe kwa chokaa mpaka kwenye kucha, akachukua ncha ya kanga akaanza kuufuta, kidole kimoja kimoja. Alifuta toka kituo hadi kituo. Nikamwambia chokaa ikishalowa na kukauka haitoki kwa kitambaa, inataka siki. Akasema siki ipo nyumbani, akaendelea kufuta.