Watu Wawili Kwenye Musumari Moja

Binti yangu anasoma informatiki hapa Bunia. Siku moja alinieleza namna programu yao inatunza vitu: kila kitu iko na ufunguo wake, na funguo zinakaa kwa mupango, ndogo mbele, kubwa nyuma. Ukitaja ufunguo, kitu chake kinatokea palepale. Nilicheka. Nikamwambia ile tulikuwa nayo zamani kwenye mine, ule mugodi wa kule upande wa Nizi, ya mbao na misumari.

"Na kama mutu analeta kitu kingine na ufunguo uleule?" nikauliza.

"Mashini haigombane, papa. Kipya kinakaa, cha zamani kinatoka."

Nikainuka kwenye kiti. "Njo vile walinifanya! Kaa, nikuambie."

Ilikuwa miaka ya Zaïre, ningali kijana, nimeacha masomo nikiwa darasa la tatu. Mbele ya mulango wa mine kulikuwa nyumba ya taa, na ndani ubao mukubwa wenye misumari. Kila musumari na namba yake, kwa mustari, toka juu mupaka chini. Ukiingia chini ya udongo, unatundika jetoni yako, kisahani cha shaba chenye namba, kwenye musumari wako, unapewa taa. Ukitoka, unarudisha taa, unachukua jetoni. Jioni muzee wa taa anasoma ubao kwa sauti. Jetoni ingali pale, mutu angali ndani. Ubao ukiwa mutupu, wanawasha dinamiti.

Nilipenda ule ubao. Mutu mwenye hajui kusoma sana, lakini anaona namba yake imesimama mahali pake, kati ya jirani na jirani!

Kosa ni la watu wawili. Nawataja kwa kazi zao, watu wa kule watawajua: magazinie, mwenye kutunza depo, na shefu wa posti, mukubwa wetu wa kazi. Magazinie aliuzisha shaba ya jetoni kwa wafua vikuku. Nilipoandikwa kazi, jetoni mupya hakuna. Namba arobaini na mbili ilikuwa bure, mwenyewe aliangukiwa na jiwe, lakini kwetu jetoni inazikwa pamoja na mwenyewe, na hakuna mutu anagusa musumari wake. Shefu akatafuta kwa sanduku la nyumba ya taa, akapata jetoni moja ya arobaini na moja, namba waliyopiga kwenye jetoni mbili kwa makosa. Arobaini na moja ilikuwa na mwenyewe, tena muzima.

"Mutagawana," shefu akasema.

"Musumari ni mufupi, shefu. Unabeba moja tu."

"Basi mwenye kuingia nyuma anatundika yake, ya mwenzake anaweka mu sanduku. Unataka nikuchongee ubao?"

Muke wangu alinifungia uzi mwekundu wa kitenge kwenye jetoni yangu, nisiichanganye. Tulifanya vile siku nyingi, na tulikuwa tunatoka pamoja, basi haikuonekana kitu.

Siku ile mimi niliingia nyuma, mwenzangu akatoka mbele. Mimi nilibaki kwenye pembe ya mwisho, natafuta nyundo yangu mu maji. Juu, muzee wa taa akaona namba inalingana, akamupa jetoni iliyokuwa kwenye musumari. Ilikuwa yangu. Akasoma ubao toka juu mupaka chini: mutupu. Mwenye dinamiti akashika kiberiti.

Mwenzangu alikuwa anaoga. Akachukua suruali atafute sigara, akashika uzi mwekundu. Hakungojea kuvaa. Akakimbia na sabuni yote mwilini, akapita katikati ya wamama wenye kuuza mikate, na wale wakalia, "Weee! Huyu amepata nini?"

"Zima! Zima! Ndugu iko ndani!"

Mimi nilisikia sauti mbali, ikiita namba, haiite jina. Nikaacha nyundo. Nikatambaa, nikakimbia, nikapiga kichwa, nikakimbia tena. Nilipotoka kwenye mwanga nilimukumbatia mutu uchi mbele ya watu wote, na povu lake likanijaa mudomoni. Tulicheka kama wajinga. Ningali nacheka.

Shefu alisema nini? "Si uko muzima? Kelele ya nini?" Baadaye alipandishwa kazi. Magazinie alijenga nyumba ya mabati. Mimi hakuna hata aliyeniambia pole.

Kesho yake nilikata kifuniko cha kopo la sardini, nikakwaruza juu yake arobaini na mbili kwa musumari.

"Utalala na marehemu?" wenzangu wakanichokoza.

"Marehemu hachukue taa," nikasema.

Shefu akatazama. "Ile haiko shaba."

"Shaba, shefu, uulize magazinie."

Nikatundika bati langu, nikaingia. Jioni nilitoka wa mwisho kwa makusudi. Muzee wa taa alikuwa anasoma ubao. Alipofika pale akaita namba ya marehemu kwa sauti kubwa.

"Niko hapa," nikaitika.

Akashusha bati, akanipa mukononi.