Masale ya Kwenye Ndege

Ukisimama sokoni Tengeru asubuhi isiyo na mawingu ukatazama mlimani, utaona kitu cheupe juu ya mashamba ya kahawa, chini kidogo ya msitu. Nimekijenga mimi. Kokoto, mchanga, nondo na saruji vilipanda kwa pikapu yangu hadi barabara ilipoishia, na kutoka pale vikapanda kwenye vichwa vya watu. Wenye digrii wamejenga majengo mjini Arusha yaliyoanza kupasuka kabla rangi haijakauka. Mnara wangu hauna ufa hata mmoja. Nimeukagua mara nyingi, na siku nyingine naukagua nikiomba nikute ufa.

Mahali penyewe wenyeji wanapaita Kwenye Ndege. Wakati wa vita, ndege ya jeshi iliyobeba askari iliingia kwenye ukungu wa Meru ikagonga mteremko ule. Kaka yangu alikuwa ndani. Mama aliletewa sanduku lililofungwa kwa skrubu, akaambiwa asilifungue. Alilizika nyumbani, migombani, kama alivyoagizwa, lakini hakuwahi kuamini kwamba mwanawe yumo. Jeshi lilipomaliza kazi yake kule juu, alipanda na wazazi wengine, wakapekua nyasi kwa mikono siku tatu. Mama akapata kipande cha kola ya sweta ya kijani. Sweta ile aliifuma mwenyewe, na pale shingoni sufu ya kijani ilimwishia akamalizia kwa ya kahawia, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikizika kipande hicho palepale alipokiokota, akapanda isale juu yake.

Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao kwetu hupandwa penye mpaka wa shamba na penye kaburi. Wazazi wengine nao walifanya hivyo, kila mmoja pale alipookota kitu cha mtoto wake.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa chuoni, mwaka wa mwisho, wiki ya mitihani, nikamtumia mama yangu mzazi simu ya maandishi ya rambirambi kama mtu baki. Diploma ya ujenzi niliipata, na sikuipata kwa kubebwa: likizo zote nilibeba zege begani. Nikaenda Gaborone nikaanza kama kibarua, nikaondoka nikiwa msimamizi wa mafundi arobaini. Nilirudi miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Arusha yakajaa tena sabuni na mabati, na mtu mwenye ujuzi na mashine yake ya kuchanganyia zege alisalimiwa barabara nzima. Nikajenga nyumba ya vigae Engutoto, hapo mjini. Diploma niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, mkabala na mlango.

Mama alikataa kuhamia kwangu. Alisema akiwa mjini hataweza kupanda mlima. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipanda Kwenye Ndege na kikapu chake cha sufu, akakaa kando ya isale lake, akafuma mpaka jua likapinda, akashuka. Nilimsindikiza mara moja. Niliona kichaka, masale yametawanyika huku na huku kwenye mteremko, mti mmoja mkubwa wa mringaringa, na vipande vya bati la ndege ambavyo watu walikuwa bado hawajavichukua kutengenezea sufuria. Nikaona aibu. Kaka yangu ameifia nchi, na mama yangu anakaa kichakani.

Niliwaita wazazi wote, nikawatandikia mchoro mezani: uwanja wa zege, mnara katikati, bamba la majina. Walipokea kwa furaha. Mama peke yake ndiye aliyeuliza.

"Na masale?"

"Yatakuwepo yote, Mama. Halitapotea hata moja."

"Unaniahidi?"

"Naahidi. Mimi si mtu wa maneno, unanijua."

Na ahadi niliitimiza. Mteremko ule usingeshika uwanja bila kuchongwa upande wa juu na kujazwa upande wa chini, kwa hiyo masale yasingeweza kubaki yalipokuwa. Fundi wangu mkuu, Mchaga mmoja asiyeweza kufanya kazi bila utani, alisimama akayatazama mikono kiunoni.

"Injinia, haya yamekaa kama walevi wanatoka kilabuni. Tuyafanyeje?"

"Yang'oe na mizizi yake, yatie kwenye magunia yaliyoloweshwa maji. Tukimaliza tunayapanda kuzunguka uwanja."

"Kwa mpango gani?"

"Walikuwa askari. Yapange mstari."

Alicheka, nami nikacheka.

Mringaringa tuliukata. Mizizi yake ingeinua zege. Ndivyo tulivyofundishwa, na tulifundishwa sawasawa. Masale yote yalishika. Halikufa hata moja.

Siku ya uzinduzi diwani alikata utepe, kwaya ikaimba. Mama alikuja na kitenge kipya na kikapu chake. Aliupita mnara bila kuutazama, akaanza kwenye isale la kwanza la mstari, akalishika majani, akaliacha. La pili. La tatu. Aliuzunguka uwanja wote hivyo, watu wakimpisha.

"Langu ni lipi?"

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye bamba. "Huyu hapa, Mama. Wa tatu kutoka juu. Herufi za shaba."

"Sikuuliza jina. Nimeuliza mtoto yuko wapi."

"Masale yote yapo, Mama. Yahesabu."

"Naona yapo," alisema.

Nyuma yake alikuwepo mzee mmoja wa mjini, fundi cherehani, Mwislamu wa mitaa ile ya zamani, aliyempoteza mwanawe wa pekee katika ndege ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia ya stendi: "Ule mringaringa uko wapi, mwanangu?"

"Tuliukata, Mzee. Ungeharibu zege."

"Sisi hatupandi masale. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kwenye ule mti. Kumi na nane kushuka, ndipo kofia yake ilipookotwa." Alitazama uwanja, akatazama chini yake. "Sasa nianzie wapi?"

Nikamletea soda.

Wiki ile nilitoa michoro yangu yote. Sijawahi kujenga bila kupima. Nilikuwa na kimo cha kila pembe ya kilima kile, na kila jiwe kubwa. Mahali palipokuwa na masale nilikuta nimepiga mistari ya penseli, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu alikuwa akiuonyesha darasa zima, nimeandika: vichaka, vitaondolewa.

Tulichimba kandokando ya uwanja, mimi na fundi, siku sita. Tulipata kifungo cha mkanda na vioo. Sufu hatukuipata. Fundi alikuwa ameacha utani.

"Injinia," alisema siku ya sita, akikung'uta sururu, "udongo wa juu tumeupeleka chini, wa chini tumeusukuma pembeni. Mimi ningechimba mpaka mwakani kama ungeniambia nichimbe wapi."

Ndipo nikafanya lile ambalo sijamwambia mtu. Nilichagua mahali penye kivuli chini ya uwanja, nikang'oa isale moja kwenye mstari, nikalipanda pale nikalimwagia maji. Jumamosi nikamchukua Mama kwa pikapu, na barabara ilipoishia nikamshika mkono hadi juu.

"Nimepapata, Mama. Nimepima upya. Ni hapa."

Alikaa. Aliweka kikapu, akatoa sindano za kufumia, akazilaza mapajani. Kisha akaingiza vidole kwenye udongo, vikazama mpaka kwenye kiganja bila taabu. Amelima mlima ule tangu akiwa msichana.

"Huu ni udongo wa kumwagwa, baba."

Alikung'uta vidole.

"Kabla hujang'oa, ulipima?"

"Nilipima, Mama."

"Haya." Alirudisha sindano kikapuni. "Tushuke."

Mwezi huohuo alikubali kuhamia Engutoto. Alisema hana tena kinachomzuia. Nimempa chumba chenye choo chake, na mchana hukaa sebuleni kwenye kochi, chini ya diploma yangu. Kikapu cha sufu alikiacha kule nyumbani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huamka kabla yetu sote, akavaa viatu, akafunga kamba vizuri. Halafu hukaa.