Mshale wa Juu

Fundi wa kompyuta wa kliniki ya macho haandiki amri ileile mara mbili. Mbele ya skrini yake nyeusi hugonga kitufe cha mshale wa juu kwa kidole cha kati, na amri za jana na juzi hurudi moja moja. Akiitaka ya mwezi uliopita, huandika herufi tatu tu ikajitokeza. Amri yenye neno la siri huianza kwa nafasi tupu, ili mashine isiihifadhi. Karani wa mapokezi, aliye kwenye meza ya pili, hachoki kumchungulia.

Jumatatu orodha ya wagonjwa wa wiki nzima haikuonekana, na daktari mkuu akamjia karani moja kwa moja. "Mashine hii Ijumaa uliishika wewe. Kusanya vitu vyako."

"Subiri kidogo, daktari," fundi alisema, akaandika herufi tatu. Amri ya kufuta ilijitokeza, na saa yake pembeni, na jina la fundi mwenyewe. Karani alikwisha kumwona akiondoa mstari kama huo kwa sekunde mbili, akakikodolea macho kile kidole. Hakikugusa kitu. Fundi aliigeuza skrini. "Ni mimi. Nilipandisha mshale mara moja zaidi, nikabonyeza bila kusoma. Dada wa watu mwache."

Daktari alipoondoka, karani alinong'ona, "Mbona hukuufuta ule mstari?"

Fundi, ambaye tayari alikuwa akirudisha orodha kutoka kwenye nakala ya Alhamisi, alimtazama kwa mshangao. "Sasa nikiufuta, nitajuaje nimeharibu nini?"