Rangi Njema ya Kichupa

Mtaani walimwita Mama Wadudu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima maji ya kijito, na kila alipokuja alianza kwa kugeuza mawe na kukung'utia wadudu kwenye sinia jeupe. Asubuhi hiyo aligeuza mawe mpaka kiuno kikamuuma. Wale wadudu wenye mikia mitatu, wanaopenda maji safi, hakuona hata mmoja. Walibaki minyoo wekundu tu, wasiojali uchafu.

Akachota maji kwa kichupa, akatia dawa ya kupimia. Rangi ikatoka njema, ile ya maji salama, kama kawaida.

Mdogo wake, anayeishi hapo jirani, alikuwa ameshafika na ndoo, mtoto mgongoni. "Dada, dawa inasemaje?"

"Usichote. Dawa inajua maji ya sasa hivi tu. Kuna watu wamemwaga sumu huko juu, ikapita, na yaweza kuja tena wakati wowote. Wadudu wanaishi humu, na wamekufa."

"Si wewe uliyenifundisha kuangalia rangi?" mdogo mtu akacheka. "Leo umegeuka msemaji wa wadudu?"

Dada hakucheka. Ni kweli, kila safari alimwonyesha kichupa, maana wadudu walimtia mdogo wake kinyaa na rangi ilikuwa rahisi kueleza.

"Mtoto anaendeleaje na tumbo?"

"Bado linamsumbua. Namnywesha maji mengi, kama ulivyosema."

Mama Wadudu akashika mshikio wa ndoo. Mdogo wake naye hakuuachia. Mgongoni mtoto alikuwa amelala, midomo imemkauka.