Tai za Kwaya Kwenye Sinema ya Ngumi

Majina yao wote ninayo kichwani, mpaka la dereva aliyewabeba, ila siyaandiki.

Nilikuwa mpishi wa Wahindi wa Kusini pale Abu Hamour, Doha. Kaka yake madamu alikuwa mwongozaji wa sinema za ngumi huko kwao. Alianza kazi akirushwa madirishani badala ya nyota, akapanda akawa mpanga mapigano, mwishowe akapewa kuongoza. Picha tatu zilijaza kumbi, ya nne ikakosa watu. Ndiyo akaja Doha kutafuta jangwa na magari makubwa.

"Anti," akaniambia, "nitafutie Waafrika wanane wenye miili. Waje na suti. Ni wageni wa harusi, wanamlinda bibi harusi."

Mimi huyo nikakimbilia kwaya yetu ya kanisa la Mesaimeer, maana wamezoea kupangwa mstari na kufuata mkono wa mtu. Kiongozi wao alikuwa mtoto wa kaka yangu, askari wa jengo kule Lusail. Suti walizokuwa nazo ni zile za Ijumaa, siku ya ibada huku, na tai za damu ya mzee. Kabla ya kupiga picha Wahindi walipasua nazi, wakaweka ndimu chini ya tairi. Nikasema hawa wanamcha Mungu.

Sinema ikatoka. Sebuleni kwa madamu nikaitwa nimwone mtoto wa kaka yangu. Harusi wapi! Sauti walizitia baadaye, na wale wanane wamekuwa wauza unga. Nyota anawatandika, tai ya kanisa shingoni, na familia nzima inacheka.

Wazee wa kanisa wakaiona kwenye simu. "Mwenye sinema aje aseme aliwaambia nini," wakamwambia kijana, "la sivyo uache kuongoza kwaya."

Naye mwenye sinema alikuwa karudi, yuko mezani anakula samaki wangu. Kanisani ni mwendo mfupi tu kwa gari. Nikamsihi.

"Anti, nikianza kuzunguka makanisani, kazi nitafanya lini?" Halafu, bila haya, "Nitafutie wengine kumi. Safari hii ni wanajeshi."

"Wewe ulipokuwa ukirushwa dirishani, hukutaka kujua wamekufanya nani?"

"Sikuuliza. Nilianguka vizuri, ndiyo maana niko hapa."

Ijumaa nikasimama mwenyewe mbele ya wazee, nikasema kosa ni langu. Wakasema mpishi si mwenye sinema. Mtoto wa kaka yangu akavua tai pale pale, akamkabidhi mwingine pamoja na kwaya.

"Shangazi, usilie," akaninong'oneza.

Silii, nilimwambia. Nina hasira. Mpaka leo ninayo.