Mama niliyemsimulia siri ya kaka yangu sasa amekaa kando ya jaji

Admini, jina langu lifiche, na la kaka yangu pia, maana kesi bado inaendelea. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Masese hapa Jinja, natengeneza simu kwa kibanda kimoja Mpumudde. Hakuna aliyenifundisha, ni video tu. Nikitaka kujua kitu naingia kwa simu, nakitafuta mpaka nakijua. Hiyo tabia ndiyo imeniponza.

Kaka yangu yuko jela mwaka wa tatu sasa, alikuwa anasubiri kesi ya mauaji isikilizwe. Alikuwa anauza vitunguu Nakaloke, kule karibu na Mbale, yeye na rafiki yake, stoo moja, kila mtu na ufunguo wake. Asubuhi moja rafiki akakutwa amekufa ndani ya stoo. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Basi, polisi hawakutafuta mtu mwingine. Kaka anasema alikuwa chumbani kwake amelala, peke yake, nani atamshuhudia? Mimi namwamini. Mama yetu alishakufa, huyu ndiye alinilea, akibeba samaki pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, mpaka mabega yanachubuka.

Wakili tulipewa na serikali. Si mtu mbaya, lakini ana mafaili mengi, tunaongea amesimama, mkono uko kwa mlango. Sasa mimi nikakuta video: mawakili wa nchi za nje, kabla ya kesi, wanakusanya watu wa kawaida kwa chumba, wanawasimulia kesi yote, pande zote mbili, halafu wanauliza, mnaamini nani? Wapi mmeshtuka? Hapo ndipo wanajua pa kurekebisha. Jamani, niliruka! Maana hata huku kwetu, kesi kubwa kama hii, jaji anakaa na raia wawili wa kawaida, wanaitwa asesa. Wanasikiliza mpaka mwisho, wanampa jaji maoni yao. Jaji halazimishwi kuwafuata, lakini lazima awasikie. Nikasema, nikijua watu wa Mbale wanafikiri vipi, nitampa wakili maneno ya kusema.

Watu wa Mbale, eh, si wa Jinja, maana korti iko Mbale na asesa watatoka huko. Nakaloke pia niliiruka kwa sababu kule wote wanaijua hiyo kesi. Nilijiona mjanja kweli.

Rafiki yangu ana saluni Mbale mjini. Jumamosi moja alasiri akanitafutia watu wanane, nikawapa chapati na mayai, na soda. Majina nilibadilisha. Nikasimulia. Nikauliza, ameua? Watano wakasema hapana. "Bambi, maskini, mtoto wa watu anaozea bure," akasema mama mmoja mnene, mpole, amevaa kitenge cha kijani. Nikapata moyo.

Ningeacha hapo. Lakini video ilisema waambie na lile baya kabisa, uone kama watabaki na wewe. Na lile baya lipo. Kaka na huyo rafiki walipigana jioni ya kuamkia kifo, ndani ya stoo, rafiki akamchania kaka shati. Hakuna aliyeona. Kaka aliwaambia polisi hawajawahi hata kugombana, kwa woga tu. Wakili anajua, alituambia, "Hiyo iacheni, upande wa serikali hawana shahidi wake."

Mimi nikawaambia watu wanane.

Bodaboda mmoja akacheka, "Huyo kama hakuua, mimi ni askofu!" Yule mama wa kitenge akaweka soda chini. "Mwanangu, pole. Huyo ameua. Mtu hafichi ugomvi bure." Nilirudi Jinja nalia. Wakili sikumwambia, niliona aibu.

Wiki iliyopita kesi ikaanza. Wakaita asesa. Wa kwanza mzee mmoja. Wa pili, ni yeye. Yule mama! Akaulizwa, "Unamjua mshtakiwa?" Akasema simjui. Na ni kweli, hajawahi kumuona. Akaapa, akakaa. Wakaanza kusoma mashtaka: Nakaloke, stoo, vitunguu, ufunguo. Nikaona uso wake unabadilika polepole. Akaanza kutafuta kati ya watu mpaka akanipata.

Mapumziko nikamfuata kwa bomba la maji.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nenda, wasituone."

"Lakini mama, ile siku ulisema..."

"Nilisema." Akafuta mikono kwa kitenge. "Mimi nitawasikiliza wote, haki ya Mungu. Lakini uliyonimwagia kichwani, mwanangu, nitayatoa na nini?"

Askari jela akapiga kelele, "Wewe dada, toka hapo!" Nikatoka. Wakati wanampeleka kaka kwa gari, akanipita karibu, pingu mkononi, anatabasamu. "Umemuona yule mama? Ana uso wa huruma. Huyo ataniokoa."

Gari likaondoka naye.

Nikimwambia wakili, itabidi amwambie jaji. Mama ataondolewa, pengine kesi ianze upya, na kaka amekonda, anakohoa, sijui kama atafika mwaka mwingine mle ndani. Tena wataniuliza, ulimwambia nini? Ule ugomvi utoke mbele ya wote. Na watasema nilimlisha asesa chapati ili amsaidie kaka. Nikinyamaza, anakaa pale kila siku mtu mwenye kujua kitu ambacho hakuna shahidi atakisema, na ameshaamua. Kibaya zaidi, tangu ile Jumamosi hata mimi nikilala nasikia sauti yake: mtu hafichi ugomvi bure.

Kesi inaendelea Jumatatu. Msiniambie niombe, naomba tayari. Kama kuna aliyewahi kukaa asesa, au anajua mambo ya korti, aniambie: niende kwa wakili, au nifunge mdomo? Nitukaneni mkitaka, lakini nijibuni kabla ya Jumatatu. Nifanye nini?