Tulivyokarabati nyumba ya kale Kindu: Kasuku wanabomoa, Alunguli wanajenga, shangazi yumo ndani

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kuna jamaa humu jukwaani juzi alilia kwamba fundi kamjengea choo kisicho na dirisha. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuniangalia kama niko salama. Ndugu yangu, wewe hujaona ujenzi bado.

Kaeni niwape cha kwangu. Sitii chumvi hata punje, na mwenye kubisha aende Kindu akaulize wazee waliobaki.

Enzi hizo nchi inaitwa Zaire. Chama kimoja tu, na wewe ni mwanachama tangu ukiwa tumboni, upende usipende. Tai marufuku, wakubwa wote wamevaa abakosti, lile koti la kufunga shingoni, na tunaitana "Citoyen", yaani mwananchi, hata na mtu anayekudai kuku.

Mimi nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa mafundi wa kujenga. Kijana, nguvu ninazo, mdomo pia ninao.

Sasa pale Kasuku, mtaa mmoja wa Kindu, sio mbali na mto, kulikuwa na nyumba kubwa ya zamani za Waungwana, wale Waislamu wa misafara ya pwani. Kuta nene za udongo, mlango wa mbao umechongwa vizuri. Aliyeijenga ni babu wa shangazi yangu Zaina. Wabelgiji walipokuja wakaifanya stoo, na walipoondoka ikabaki mali ya serikali.

Ila chumba kimoja cha nyuma kilibaki na shangazi. Alizaliwa humo, akaolewa akatoka, akafiwa akarudi humo. Kina mlango wake wa kutokea uani. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu hakuna mkubwa aliyekumbuka kwamba yupo.

Siku moja ikaja amri kutoka juu: nyumba hii igeuzwe Kituo cha Utamaduni cha kisasa, chenye matumizi mengi.

Hayo "matumizi mengi" ndiyo yaliyotuua.

Kwenye kikao kila mtu aliomba lake. Huyu anataka sinema, yule ping-pong, akina mama wanataka chumba cha kushona, vijana wa Chama wanataka jukwaa la kuchezea animation, ile ngoma ya kuwasifu wakubwa. Mtu wa kilimo akaomba kona ya kuanikia mpunga mvua ikinyesha. Yote yakakubaliwa. Nyumba yenyewe ina ukumbi mmoja na chumba cha shangazi.

Mkuu wa mradi alikuwa Citoyen Bitondo. Mtu mpole, mnene kidogo, anaogopa kila kitu chenye muhuri. Alinipa ramani mbili.

Ya kwanza ilisema ukuta kati ya ukumbi na chumba cha nyuma uvunjwe, pale patakuwa jukwaa. Ya pili ilisema ukuta ule ule uimarishwe, upande wa nyuma patakuwa maktaba. Ofisi mbili, wakubwa wawili, mihuri miwili.

Nikamwendea. "Citoyen, hapa tufuate gani?"

Akazigeuza juu chini. "Zote ziko na muhuri. Unataka niseme muhuri moja njo ya uongo?"

"Lakini ukuta hauwezi kuvunjika na kusimama pamoja."

"Hiyo njo kazi ya kapita," akaniambia, akaondoka zake.

Ngojeni kwanza, vijana hamjui Salongo. Ilikuwa kazi ya lazima ya pamoja. Jumamosi unachukua jembe unakwenda kulitumikia taifa, na usipoonekana umejitafutia balaa. Muhimu ni uonekane unatoka jasho. Unafanya nini hasa, hilo halikuwa swali.

Basi Bitondo akagawa kazi. Jumamosi moja wanakuja watu wa Kasuku, inayofuata wanavuka watu wa mtaa wa Alunguli kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Ili asimuudhi mkubwa yeyote, ramani ya jukwaa akawapa Kasuku na ramani ya maktaba akawapa Alunguli.

Mshapata picha?

Kasuku wanakuja wanaimba, wanavunja ukuta. Jioni wanapongezwa. Wiki ya pili Alunguli wanavuka na matofali yao, wanakuta tundu, wanajenga. Jioni wanapongezwa. Wiki ya tatu Kasuku wanarudi, wanakuta ukuta, wanashangaa kidogo, wanavunja.

Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kazi ya Salongo ni kama kuuliza kwa nini Chama ni kimoja. Na ripoti zilikuwa tamu, kwa sababu kila Jumamosi kazi ilifanyika kweli kweli.

Mimi niliwaambia Kasuku wazi kwamba Alunguli watajenga tena. Mzee mmoja akajifuta jasho akanijibu, "Wajenge. Siye tutakuwa na kazi."

Nacheka sasa, ila siku zile nilikuwa na stress siwezi kuwaeleza. Maana ramani zote mbili, pamoja na ugomvi wao, zilikubaliana jambo moja: kile chumba si cha shangazi. Kiwe jukwaa, kiwe maktaba, siku ya ufunguzi yeye awe nje. Na mama wa watu hakuwa na pa kwenda. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja, mke, watoto na mama mkwe.

Shangazi mwenyewe alichukulia poa. Wiki ya kuvunja anatundika kikwembe chake, yaani kitenge, mahali pa ukuta. Watu wa Kasuku wakamzoea, wanatundika mashati kwenye msumari wake, anawapikia chai. Wiki ya kujenga anawaelekeza Alunguli matofali yamepinda wapi.

Ijumaa moja akaniuliza, "Mutoto, kesho ukuta iko juu ao chini? Nataka kujua fasi ya kuweka kitanda."

Nilitoka pale nikalia nyuma ya rundo la mchanga. Nasema ukweli.

Ikatangazwa kwamba mkubwa wa mkoa atatoka Bukavu kuja kufungua kituo. Bitondo akapanga vizuri: Salongo ya mwisho ni ya Kasuku, ukuta utakuwa chini, jukwaa litakuwepo, shangazi atahamishwa siku ile ile.

Mkubwa akatua wiki moja kabla. Hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea siku.

Alunguli walikuwa wamemaliza juzi yake tu. Ukuta umesimama, lipu bado mbichi. Bitondo alinishika mkono. Akaniomba nimwambie shangazi asitoke na asipige kelele. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua majani yake ya sombe, yaani kisamvu.

Ukumbini palijaa. Wacheza animation walikuwa wamejifunza kucheza kwenye jukwaa ambalo halikuwepo, kwa hiyo walibanana kati ya ukuta na kiti cha mkubwa, kila wakigeuka wanamkanyaga. Wapiga ngoma hawakuenea, wakabaki nje. Aibu tupu.

Halafu nyuma ya ukuta ikaanza: du, du, du.

Kinu, wakuu. Adhuhuri imefika, mtu anatwanga sombe yake.

Ukuta ule ulikuwa sehemu udongo wa babu, sehemu matofali ya Alunguli, na sauti ilivyopita humo sijui niseme nini. Ilitoka nzito, kama inatoka chini ya ardhi. Wacheza wakaishika, miguu ikaanza kwenda sawa.

Mkubwa akainua mkono. Kimya. Kinu kikaendelea.

"Ile ngoma iko wapi?" akauliza.

Bitondo alinitazama. Mimi nikatazama dari. Nilijua nikisema "kinu" shangazi analala nje leo leo.

"Iko nyuma, Citoyen Commissaire," Bitondo akasema. "Ni ya wababu. Haionekanake na muntu."

Mkubwa akasimama, akaweka kiganja kwenye ukuta. Lipu ikamganda. Akafumba macho.

"Hii njo authenticité," akasema, yaani uasili wetu, neno la Chama siku zile. "Ukuta hii isiguswe. Na ile ngoma isihamishwe hata siku moja."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Muhuri mkubwa kuliko ile miwili.

Nilikimbia uani kumpa shangazi habari. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa natwanga chakula yangu," akasema. "Sikumupigia muntu ngoma." Ila niliona mabega yake yameshuka, na usiku ule alilala bila kuuliza kitanda kiwe wapi.

Mngedhani hadithi imeisha. Thubutu.

Ngoma ikawa maarufu. Kila mgeni aliyeshuka Kindu aliletwa kuisikia. Kijumbe wa Bitondo anagonga mlango wa uani: "Mama, wageni wamefika." Asubuhi, baada ya swala ya alasiri, hata Ramadhani mchana. Shangazi anaacha anachofanya, anatwanga. Kama sombe haipo, anatwanga kinu kitupu.

Siku moja nilimkuta hivyo. Jasho linamtoka, mchi unapiga mbao tupu, na upande wa pili watu wanapiga makofi. Chumba nilikuwa nimemuokolea, na yeye nikawa nimemwajiri humo. Iliniuma sana.

Nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akanikataza. "Ukisema, watanitosha humu ndani. Acha, nitafanya miye mwenyewe."

Ujumbe uliofuata ulikuwa mzito, abakosti tupu, wengine kutoka Kinshasa. Nilikuwa ukumbini. Kijumbe akaenda, akarudi mbio, akamnong'oneza Bitondo nikasikia:

"Mama anasema leo hatwangi. Iko nakula."

Bitondo alibadilika rangi. Akageukia wageni. "Wababu wako na mapumziko," akasema. "Tuwangoje."

Na wakangoja. Mmoja akavua kofia. Wenzake wakamwona, nao wakavua. Hakuna aliyekohoa. Kwenye ule ukimya, nyuma ya ukuta, nilisikia kijiko kikigusa sahani, taratibu, kinapumzika, kinagusa tena. Wali na samaki, najua kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea.

Serikali nzima imesimama, kofia mkononi, inamngoja shangazi yangu amalize kula nyumbani kwa babu yake.

Hakutwanga siku ile. Waliondoka wakisema hawajawahi kuona heshima kama ile, na kuanzia hapo alitwanga alipotaka kula tu.

Alifia kwenye chumba kile, kitandani kwake, mzee sana. Ping-pong hatukuwahi kuiona.

Nilichobaki nacho mimi ni hiki: wakubwa wale hawakuwahi kujua kwamba nyumba ina mwenyewe, lakini yeye hakusahau hata siku moja. Mimi kapita nilihangaika na ukuta, kumbe ukuta haukuwa kitu.

Haya, uwanja wenu. Wewe ungekuwa pale ukumbini, mkubwa anauliza ngoma iko wapi, ungesema ni kinu? Wazee wa Salongo waliomo humu nao washushe ya kwao, najua si Kindu peke yake.